Hakuna Anayewafuata

Waliokuwepo katika uwanja wa shule, Benaco, wilayani Ngara, asubuhi ya Jumamosi tarehe 8 Julai 2023, walikuwa watu tisa. Wa kwanza alikuwa Rogasian Kagoma, mwalimu wa michezo, aliyeichora njia ya mbio. Wa pili, Pancras Rwekaza, kocha, mzaliwa wa Bukoba, aliyefika kutoka Mwanza jioni iliyotangulia, akiwa na saa mbili za kupimia muda shingoni. Wa tatu, Claudia, nesi wa zahanati ya jirani, na sanduku lake la dawa na chupa ya chai. Wa nne, Bulugu Maduhu, mfugaji, aliyekuwa akijiandaa kupanda kilimani na daftari la kuandika majina ya watakaopita. Halafu wakimbiaji watano: Fabrice, Abeli, Joyceline, Scholastika, na Yuster Rogasian, binti wa mwalimu, mwenye umri wa miaka kumi na tisa.

Nyirabahizi hakuwepo. Hakualikwa, na hata angealikwa asingekuja, kwa sababu mkwewe alikuwepo.

Nyirabahizi alikuwa mama wa marehemu Selestina, mke wa Rogasian. Kwa desturi yao, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni wala hawasemezani. Selestina alipofariki mwaka 2018, wawili hao walibaki katika mji mmoja, Rogasian akitumia mlango wa mbele, bibi akitumia mlango wa nyuma, na Yuster yupo katikati, akipokea maneno huku na kuyafikisha kule, hata kama wenyewe walikuwa hatua tatu tu mmoja kutoka kwa mwingine.

"Yuster, mwambie baba yako chumvi imekwisha."

"Baba, chumvi imekwisha."

"Mwambie bibi yako nimesikia, nitaleta."

"Bibi, amesikia. Na wewe umesikia kwamba amesikia. Mimi humu ndani ni redio tu, tena redio isiyonunuliwa betri."

Bibi alicheka akiwa ameelekea ukutani. Rogasian alicheka akiwa ameelekea nje. Waliishi vizuri hivyo.

Mambo yaliharibika kwa ajili ya kilomita tatu. Pancras Rwekaza alikuwa akitafuta njia ya mbio za vilima katika wilaya za mpakani, na alikuwa ameahidi kwamba msichana atakayemridhisha siku ya majaribio atamchukua kambini Arusha, amfundishe, amlishe, amwendeleze. Masharti yake yalikuwa machache. Njia iwe ya kilomita ishirini na moja, zisipungue, zisizidi, na kilima kiwemo. Rogasian alichora njia mbili. Moja ilizunguka chini ya kilima cha Kabuzigo kwa kufuata mapito ya ng'ombe, nayo ilitoka kilomita ishirini na nne. Nyingine ilipanda Kabuzigo, ikakata uwanda wa juu na kuteremka moja kwa moja hadi shuleni. Hiyo ilitoka ishirini na moja kamili, kana kwamba ilikuwa imepimwa kabla hajazaliwa.

Ya pili ilipita makaburini.

Si makaburi ya kanisa. Ni pale walipozikwa baadhi ya watu wa kambi ya mwaka 1994, waliovuka mpaka wakikimbia vita, kisha kipindupindu kikawakuta mahemani na mashimo yakachimbwa kwa haraka. Hakuna msalaba uliosalia. Kuna nyasi, na kuna rundo la mawe lililokuwa limefika kifuani mwa mtu mzima. Kila apitaye pale hupunguza mwendo, hutembea, huokota jiwe, huliweka juu ya mengine na kusema kwa sauti ya chini: "Kaeni. Hakuna anayewafuata." Kila mtu husema kwa lugha ya kwao. Bulugu Maduhu, ambaye ng'ombe wake wanamjua kwa fimbo, hapo huishusha fimbo na kuwaacha wajiendee.

Sababu yake inajulikana ingawa haisemwi mara kwa mara. Waliolala pale walikufa wakiwa mbioni. Walizikwa kabla hawajaambiwa kwamba wamefika. Wakisikia miguu inakimbia juu yao, hudhani wameanza kukimbizwa upya.

Rogasian aliyajua hayo. Mwaka 2003, alipokuwa akimchumbia Selestina, walipita pale pamoja. Selestina aliweka mawe mawili, moja la mdogo wake Irakoze, aliyekufa kambini akiwa na miaka minane, na moja la mdogo wao Mukiza, aliyekuwa na minne. Rogasian aliongeza la tatu. Alisema maneno yale, tena kwa dhati, maana alikuwa akipenda.

Lakini wiki ile ya Julai alihitaji mawe. Tepe alizofunga vichakani kuonyesha njia ziliraruliwa na kuliwa na mbuzi. Jumatano alipanda na Yuster, na toroli, na ndoo ya chokaa. Walichukua mawe arobaini kutoka kwenye rundo, wakayapaka chokaa na kuyapanga kwenye kona zote za njia, tangu kileleni hadi bondeni. Yuster aliuliza mara moja tu.

"Baba, haya?"

"Mawe ni mawe."

Alhamisi Nyirabahizi alipita juu akitoka shambani kwake. Alikuwa na miaka sabini na mmoja na nyonga mbovu, akitembea kwa mkongojo, na kutoka Kabuzigo hadi nyumbani ilimchukua saa mbili nzima. Alipofika aliketi kwenye mlango wa nyuma, akampa mgongo mkwewe aliyekuwa akisahihisha madaftari ndani, akaanza kupukuchua maharage.

"Yuster. Mwambie baba yako nimetoka juu."

"Baba, bibi ametoka juu."

"Mwambie rundo nimelikuta limefika magotini."

Yuster hakufikisha hilo. Hapakuwa na haja.

"Mwambie arudishe mawe. Na hizo mbio zenu zizunguke chini, wanakopita ng'ombe."

Rogasian alitazama kucha zake. Chokaa ilikuwa bado imo. Pancras alitarajiwa kesho yake. Binti yake alikuwa na miguu ambayo hakuwahi kuiona kwa mwanafunzi mwingine katika miaka ishirini ya kufundisha, na hakuwa na kitu kingine cha kumpa.

"Mwambie bibi yako mawe nimekwisha kuyarudisha. Njia nimeihamisha."

Yuster alimgeukia baba yake. Wote wawili walijua. Rogasian alirudia, polepole, kama mwalimu anayesomea darasa imla:

"Mwambie."

"Bibi," alisema Yuster, "mawe yamerudi. Njia imehama."

Maharage yaliacha kuanguka kwenye ungo. Kisha yakaendelea.

"Haya," alisema Nyirabahizi. "Angesema yeye peke yake ningepanda tena nikaone. Lakini umesema wewe."

Ndiyo maana Jumamosi asubuhi hakuna aliyekwenda kuwazuia.

Walianza saa kumi na mbili na nusu. Kulikuwa na ukungu mabondeni na baridi ya Julai. Kabla ya filimbi Rogasian alimsogelea binti yake kana kwamba anamkaza kamba za viatu, akanong'ona:

"Wenzako wakifika juu watalegea. Wewe usilegee. Pale juu ndipo utakapowaacha."

"Ndiyo, baba."

Filimbi ikalia. Waliobaki uwanjani walikunywa chai ya Claudia. Pancras alisifu hewa, akasifu mandhari, akasema mtu wa Ngara akitaka kunenepa inambidi ahame. Claudia alimjibu kwamba mtu wa Bukoba hanenepi kwa kukaa bali kwa maneno. Jua likatoka. Ilikuwa asubuhi nzuri, na Rogasian aliikumbuka baadaye kama mtu anavyokumbuka nyumba aliyoiuza.

Saa moja na dakika hamsini na nane Yuster alitokea kwenye kona ya mwisho, penye jiwe jeupe. Alikuwa peke yake. Nyuma yake kilima chote kilikuwa kitupu.

Pancras alitazama saa, akaitazama ile nyingine, akazisogeza sikioni kama zimekufa. "Mwalimu," alisema taratibu, "huyu nakwenda naye leo hii."

Yuster aliukata utepe. Rogasian alikuwa amenyoosha mikono kumpokea.

Hakusimama.

Alipita katikati yao akitazama mbele. Jasho halikumtoka. Pumzi yake haikusikika. Rogasian alicheka, akaita, "Basi, mama, umefika!" Kisha upepo ukampiga kifuani, upepo kama wa lori lililojaa linapompita mtu kando ya barabara, nao ulinuka majivu, na turubai lililoloa, na dawa ya kutibia maji. Chupa ya chai ilianguka. Claudia alirudi nyuma hatua mbili, kisha tatu, kama anayepisha watu.

Yuster alikwisha kutoka nje ya uwanja. Vumbi lilikuwa bado linatimka. Lilitimka upana wa uwanja mzima, kutoka goli hadi goli. Lilichukua muda mrefu kupita.

Dakika kumi na mbili baadaye wakaja Joyceline na Fabrice, kisha Scholastika na Abeli. Hawa walikuwa wakihema na kutokwa jasho kama watu.

"Yuster mmemwacha wapi?" aliuliza Joyceline.

"Mlimwona akipita juu?" aliuliza Rogasian.

"Alitutangulia pale kwenye rundo, Mwalimu. Sisi tulitembea."

"Mlitembea?"

Joyceline alitazama viatu vyake. "Wote wanne. Kila mtu aliweka jiwe lake. Tulijua utakasirika, Mwalimu, lakini pale hapakimbiliwi. Tulimwita Yuster apunguze. Akasema baba amesema asilegee."

Wanafunzi wake wanne walikuwa wamemwasi. Aliyemtii alikuwa mmoja.

Rogasian na Pancras walichukua pikipiki mbili za Benaco, wakafuata lami kuelekea mashariki, barabara ya Nyakahura, njia ileile waliyoitazamia wakimbizi walipokuwa bado wana nguvu ya kwenda mbele. Walimfikia kilomita ya kumi na mbili. Mwendo wake ulikuwa uleule. Viatu vilikuwa vimepasuka, na kiatu cha kushoto kiliacha alama nyekundu juu ya lami kila kilipokanyaga. Walimshika wanaume wawili na dereva mmoja. Walimwinua kutoka ardhini. Miguu iliendelea kukimbia hewani.

"Baba, niache," alinong'ona. "Watanikanyaga."

Rogasian aligeuka nyuma. Barabara ilikuwa tupu. Nyasi za kando zilikuwa zimelala chini, zote upande mmoja.

Walimlaza zahanati. Daktari aliitwa, akaja, akamchoma sindano, akasema kesho asubuhi apelekwe hospitali kubwa. Jioni Claudia alimvuta Rogasian kando ya mlango.

"Nimempa dawa ya usingizi, Mwalimu. Amelala." Aliteremsha sauti. "Miguu haijalala. Nimehesabu moyo wake mara nne. Moyo wa mtu hauwezi kwenda hivi mpaka kesho mchana. Utachoka. Ukichoka, utasimama wenyewe."

Chini ya shuka miguu ya Yuster ilikuwa inakwenda. Kulia, kushoto. Kulia, kushoto. Shuka lilipanda na kushuka.

Bulugu Maduhu alifika na daftari. Hakutaka kuingia ndani. Alilifungua ukurasa wa kwanza na kumwonyesha Rogasian kwa kidole. Mwandiko ulikuwa mzuri, maana Bulugu alikuwa amesoma mpaka darasa la saba Shinyanga, na aliambiwa aandike kila anayepita, kwa mpangilio. Palikuwa pameandikwa:

*1. Yuster.*

Chini yake: *Na wengine.*

Chini yake yakafuata majina ya wale wanne.

"Wengine gani?" aliuliza Rogasian.

"Nilisikia miguu ikimfuata. Nilidhani ni wenzake, nikainua kalamu." Bulugu alilifunga daftari. "Niliambiwa niandike wanaopita. Hao walipita, Mwalimu. Majina sikuyapata. Nilikaa na kalamu mkononi mpaka walipokwisha, na sikuona mtu."

Jumapili alfajiri Nyirabahizi aliingia zahanati kwa mlango wa mbele.

Rogasian alisimama ukutani akainamisha macho kama ilivyompasa. Akasikia mkongojo ukija. Ukasimama mbele yake.

"Rogasian."

Hakuwahi kumwita jina. Aliinua macho kwa mshtuko, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini aliuona uso wa mama mkwe wake. Ulikuwa uso wa Selestina, umezeeka. Hakuna aliyekuwa amewahi kumwambia.

"Uliniambia njia umeihamisha."

"Ndiyo, mama."

"Uliniambia kwa mdomo wa mtoto."

Rogasian alisogea kando, akampisha.

Nyirabahizi alikaa kitandani, akaishika miguu ya mjukuu wake kwa mikono miwili. Ilimtikisa mabega. Alisikiliza kwa muda, kama mtu anayesikiliza ukutani mazungumzo ya chumba cha pili.

"Wengi," alisema. "Watoto wengi sana. Yeye ndiye aliye mbele, wanamfuata. Akisimama watampita juu."

"Wakiambiwa wasimame? Yale maneno..."

"Maneno yale ni ya mtu aliyelala. Huwezi kumwambia anayekimbizwa akae. Ataona unataka kumkamatisha. Huyo anaambiwa jambo moja tu, kwamba vita imekwisha, turudi nyumbani."

"Nani atawaambia?"

"Wanangu wawili wamo humo," alisema Nyirabahizi. "Sauti yangu hawajaisahau."

Aliinuka, akafunga kitenge kiunoni, akatoka. Rogasian hakumfuata. Alijiambia kwamba hawezi kumwacha binti yake peke yake. Hilo alijiambia pia siku zilizofuata.

Saa moja ilipita, na ya pili. Claudia alihesabu moyo, akaacha kuhesabu. Midomo ya Yuster ilikuwa imegeuka rangi. Kulia, kushoto. Kulia.

Saa tatu na dakika kumi asubuhi mguu wa kushoto ulisimama. Kisha wa kulia. Shuka likatulia. Rogasian aliweka sikio kifuani mwa binti yake akasubiri, na moyo ukapiga, ukakaa, ukapiga tena, kama moyo wa mtu aliyelala mchana wa Jumapili. Claudia aliandika muda ule kwenye kadi, akaketi sakafuni akajifunika uso kwa aproni.

Ndipo Rogasian alipopanda Kabuzigo. Juu ya rundo la mawe alikuta mkongojo umechomekwa wima, na kandambili mbili zimepangwa chini yake, kwa unadhifu, kama mlangoni pa nyumba ya watu. Mwenyewe hakuwepo. Rogasian aliita, "Mama!" Alikuwa hajawahi kumwita kwa sauti, na sasa hakuwa na mtu wa kuitikia.

Saa tano dereva wa lori aliyesimama Benaco kula chakula alisema amemwona bibi kizee njiani, karibu na Rusumo, peku, akikimbia kuelekea daraja la mpakani. Alisema alikimbia vizuri kama msichana. Alisema alikuwa akicheka, na kwamba alipompigia honi ampishe, yeye mwenyewe, dereva, alijikuta amekanyaga breki bila kujua ni nani aliyekuwa akimpisha.

Yuster alipona. Siku hizi anauza sabuni na mafuta ya taa sokoni Benaco, ameketi, na akitaka kitu cha mbali humtuma mtu. Kocha Pancras hakurudi kumchukua. Mbio zilifanyika Septemba, kwa njia ya ng'ombe, chini ya kilima, kilomita ishirini na nne, na hakuna aliyelalamika kwamba zimezidi. Mawe arobaini Rogasian aliyarudisha yote kwa mikono yake, moja moja, akitembea. Chokaa haijatoka. Nyumbani Yuster hupita mlango wa nyuma. Akiwa na neno kwa baba yake, humwambia mtoto wa jirani amfikishie, hata kama baba yake yuko hatua tatu.

Huko Rusumo walimkuta bibi amelala kando ya lami, mita mia mbili kabla ya daraja, uso umeelekea ng'ambo. Waliokwenda kumchukua ni Rogasian, Fabrice na Bulugu Maduhu, na wote watatu waliona kitu kimoja. Kwenye udongo mwekundu wa kando ya barabara kulikuwa na nyayo zake, peku, hatua ndefu za mtu asiye na nyonga mbovu. Upande wa kulia wa nyayo hizo kulikuwa na nyingine, za mtoto wa miaka kama minane. Upande wa kushoto, za mtoto mdogo zaidi. Nyuma yao udongo ulikuwa umepondwa na miguu isiyohesabika, yote ikielekea darajani. Pale alipolala yeye, nyayo zake ziliishia. Zile nyingine hazikuishia.

Nyirabahizi alifariki Jumapili, tarehe 9 Julai 2023, saa tatu na dakika kumi asubuhi.